Wamemuua Mkubwa Wao, Je, Harusi Ipo?

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibaraza cha fundi cherehani, pale barabara ya lami inapokutana na ile ya vumbi. Ukikaa katikati, umekaa. Ukikaa pembeni, omba Mungu. Fundi mwenyewe hakai ubaoni. Anakaa nyuma ya cherehani yake, mgongo ukutani, na kwa miaka yote hiyo amesikiliza ubishi mwingi kuliko nguo alizoshona. Tangu posa ya bintiye ilipopokelewa watu wanamwita Baba Bibi Harusi, naye anajifanya kukasirika, lakini ukimwita Fundi tu siku hizi anachelewa kuitika. Kahawa inauzwa na mama mmoja mwenye birika kubwa na ulimi mkubwa kuliko birika. Huyo ni Mama Birika. Wateja wake wa kudumu ni wawili. Kuna Kipenga, aliyekuwa mwamuzi wa mpira mpaka siku mashabiki walipomtoa mbio uwanjani, akakimbia, na hajarudi tena hadi leo. Na kuna Mirathi, aliyepewa jina hilo kwa sababu yeye na ndugu zake wamegombania nyumba ya marehemu baba yao mpaka nyumba yenyewe imechoka, imeanza kudondoka.

Jumatatu hiyo redio ilikuwa imetangaza tangu alfajiri: mkubwa wa lile kundi la magaidi la kule mpakani, yule wa miwani myeusi aliyekuwa akitokea kwenye video akitisha watu kwa kidole, ameuawa na jeshi. Mtaa mzima ulishangilia. Binti yake Fundi alitoka jikoni anacheza, mwiko mkononi, "Baba, yamekwisha, yamekwisha!" Fundi naye alicheka, akacheza hatua kidogo kumridhisha mtoto. Lakini alipofika kwenye cherehani yake akaanza kupiga hesabu. Mkwewe mtarajiwa ni askari, na yuko hukohuko mpakani. Harusi ni Jumamosi. Kijana ameahidiwa ruhusa, afike Jumatano, na ruhusa ya jeshi, kila mtu anajua, inaweza kufutwa hata mtu akiwa ameshapanda gari. Magaidi wakitawanyika, bwana harusi anakuja. Wakichachamaa, ruhusa zote zinafutwa, na Fundi atabaki na ukumbi, na maturubai, na mpiga picha, na binti aliyesukwa nywele zikapendeza bure.

Basi akalizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja.

— Jamani, niambieni ukweli, msinipambie. Watu kama wale, mkubwa wao akiuawa, wanafanyaje? Wanakimbia, au ndiyo wanapamba moto?

— Inategemea, akasema Kipenga.

— Inategemea nini?

— Sijui. Lakini lazima itegemee kitu.

Mama Birika akamjazia kikombe haraka kabla hajaharibu zaidi. Kipenga akanywa, akajilamba, akapata akili.

— Sikiliza, Baba Bibi Harusi. Timu ikifukuza kocha, mechi inayofuata huwaje?

— Inashinda, akasema Mirathi.

— Inashinda! Hata iwe mbovu vipi, hata kipa awe haoni vizuri, ile mechi ya kwanza inashinda. Kwa nini? Kwa sababu kila mchezaji anataka kocha mpya amwone. Na kocha mpya anataka dunia nzima imwone. Sasa wale jamaa leo wana kocha mpya. Hana jina, hana sura, hakuna anayemwogopa. Lazima ashinde mechi ya kwanza. Tena ugenini.

— Ugenini wapi?

— Popote penye askari.

Fundi akamnyooshea mkasi.

— Kipenga, una roho mbaya wewe.

— Mimi nachezesha tu, sifungi magoli.

— Basi simama ufanye kazi, maana kukaa kwako hakuna faida. Njoo uvae hili koti.

Koti lilikuwa la bwana harusi, buluu iliyoiva, kitambaa alichokichagua mama yake kijana mwenyewe. Yule mama alikipapasa dukani mpaka muuzaji akaona bora akakae. Shida ilikuwa vipimo. Fundi alimpima kijana siku ya posa, na tangu siku ile kijana amekuwa akila chakula cha kambini, hajulikani amenenepa au amekonda. Binti ndiye aliyetoa ushauri: kwenye picha ya mwisho, alisema, mabega yake yamekuwa kama ya Kipenga. Kwa hiyo Kipenga akavikwa koti la harusi, mikono bado imeshikwa kwa uzi mweupe, makwapani pini tupu.

— Usinyanyue mikono, Fundi akamwonya. Kwapa halijashonwa.

— Mwamuzi asinyanyue mikono? Si bora unizibe mdomo.

— Na huo nitauziba, nina uzi.

Mirathi alikuwa anatikisa kichwa muda wote huo. Mirathi hapendi mtu mwingine aeleze kifo cha mkubwa yeyote wakati yeye yupo.

— Kocha gani! Wale si timu bwana, wale ni familia. Na familia mimi naijua. Baba akifa, siku ya kwanza wote mnalia, mnashikana mikono, tuko pamoja, tuko pamoja. Siku ya pili mtu mmoja anauliza, taratibu tu, ufunguo wa kabati uko wapi. Hapo kwisha habari! Wale leo hawana muda na mkweo. Huyu anasema bunduki ile kubwa niliachiwa mimi. Yule anasema gari lile marehemu aliniahidi, na shahidi wangu ni mpishi. Mke mdogo amejifungia ndani, na ufunguo hatoi ng'o. Mwezi mzima watachapana wao kwa wao. Harusi ipo!

— Hapo sasa! akasema Fundi, uso ukamng'aa. Akaikamata suruali ya bwana harusi, akaipiga pindo la mguu wa kulia bila kupumua. — Endelea, Mirathi. Unasema vizuri leo.

— Mimi na kaka yangu, tangu baba afariki, umewahi kusikia tumemshambulia mtu wa nje? Hatuna nafasi!

Mama Birika akaweka birika chini. Akiweka birika chini, watu hukaa sawa.

— Na yule fundi bomba uliyemtwanga, alikuwa wa ndani?

— Yule aliletwa na kaka yangu kuja kunitia hasira!

— Haya. Na kaka yako aliposikia umemtwanga fundi bomba, si ndiyo akaja kuvunja choo chote?

Mirathi akageukia kahawa yake. Kesi ya choo bado iko baraza la mtaa.

— Basi ndivyo na hao, Mama Birika akaendelea. Ndugu wakigombania kiti, kila mmoja anataka aonekane ndiye dume. Huyu akipiga kambi moja leo, yule kesho atapiga mbili, aonekane kamzidi mwenzake. Wanaoumia ni mafundi bomba.

Mguu wa Fundi ukatoka kwenye kanyagio. Mguu wa kushoto wa suruali ukabaki bila pindo. Akachukua simu, akampigia kijana, akasikiliza, akaizima. Yule dada wa kwenye simu alimwambia maneno yaleyale ya jana, kwamba mteja hapatikani. Kule kambini kupata mtandao mpaka upande juu ya tangi la maji, na hilo Fundi analijua, maana kijana mwenyewe ndiye aliyemsimulia huku akicheka.

— Mama Birika, sasa na wewe unasema harusi haipo?

— Mimi sijasema hivyo. Mimi nikiulizwa, nasema yule mtu wala hakufa jana.

— Ala!

— Alikufa zamani. Nisikilizeni. Nilipokuwa nafanya kazi kiwanda cha sabuni, meneja wetu alisafiri kwenda kutibiwa. Koti lake likabaki limetundikwa kwenye kiti. Mwaka mzima, baba zangu, tumefanya kazi kwa kuliogopa lile koti! Msimamizi anaingia ofisini mikono mitupu, anatoka na amri. Meneja amesema leo hakuna kutoka mapema. Meneja amesema anayechelewa akatwe. Kumbe mwenzetu alishakufa siku nyingi, hukohuko hospitali. Na sabuni mwaka ule ilitoka nyingi kuliko miaka yote. Ndivyo walivyo hao. Mwenye miwani alishakufa, wakabaki na miwani.

Kipenga, amesimama wima na koti lake mikono imebana mbavuni, akauliza:

— Sasa jeshi limemuua nani?

— Aliyekuwa ameivaa.

— Basi na miwani imekwenda naye. Yamekwisha!

— Miwani? Miwani inauzwa sokoni kwa mafungu, baba.

Hapo hata wapita njia wawili waliokuwa wanajifanya hawasikilizi walicheka. Fundi hakucheka. Mtu ukishalipia ukumbi, habari za miwani hazichekeshi.

— Nyinyi watu, akasema, nawauliza jambo la maana mnaniletea sabuni. Nifanye nini mimi? Niiahirishe harusi?

— Isogeze mbele, akasema Kipenga. Mwezi ujao, ligi ikishatulia.

— Usiahirishe, akasema Mirathi. Ukiahirisha, ndugu wanapata muda wa kufikiri. Kijana asipokuja, kaka yake asimame badala yake.

— Halafu kaka yake aende na bibi harusi nyumbani? Una akili timamu?

— Asimame tu. Ukumbini. Kwa ajili ya picha.

— Mimi ningekuwa wewe, akasema Mama Birika, ningeipeleka harusi kambini. Mpakie bibi harusi kwenye lori la mchele, na mpiga picha nyuma.

— Binti yangu aolewe katikati ya magunia ya mchanga!

— Si ukumbi wa bure? Tena una walinzi.

Fundi akashika kichwa kwa mikono miwili. Kipenga akamwonea huruma, na huruma ya Kipenga ndiyo inayoleta matatizo siku zote.

— Baba Bibi Harusi, maneno hayatoshi. Jambo kama hili lazima tulicheze tulione. Koti la ukubwa ninalo. Lete na miwani.

Akainyakua miwani ya Fundi ya kutungia sindano, akaivaa. Sasa hakuona kitu, na kwa kuwa hakuona kitu akajiona mkubwa kweli.

— Wapiganaji wangu! akanguruma. Mkubwa wetu ametutoka! Lakini sisi tupo, tuko imara, na kuanzia leo mimi ndiye kiongozi wenu!

— Nani kakuchagua? akauliza Mirathi papo hapo, na mtu aliyemjua angejua kwamba Mirathi hakuwa anaigiza.

— Marehemu mwenyewe. Aliniambia usiku.

— Mimi aliniambia asubuhi yake. Neno la mwisho ndilo linalohesabiwa, hata mahakamani.

— Mimi nilikuwa naye karibu!

— Wewe ulikuwa dereva wake!

— Mama Birika! Wewe ndiye mshika hazina. Sema, unamtambua nani?

Mama Birika akalikumbatia birika lake kifuani.

— Hazina haimtambui kiongozi mwenye pini kwapani.

— Sasa mnaamuaje? Fundi akapiga kelele kutoka nyuma ya cherehani, amesahau kabisa kwamba ni mchezo. — Mnaishambulia kambi, au hamuishambulii? Jumatano haiko mbali!

— Wewe nyamaza, Mirathi akamwambia. Wewe ni raia.

— Raia ndiye mwenye harusi!

— Sisi tuna mambo mazito ya ndani, hatuwezi kuzungumza na raia. Mimi najitenga! Kuanzia sasa mimi ni Kundi Halisi!

Akainuka, akachukua kikombe chake, akaenda kukaa mwisho kabisa wa ubao.

— Na mimi ni Kundi Halisi Hasa! akasema Kipenga.

— Hakuna Hasa! Hasa ni ya nani? Halisi inatosha!

— Basi nakuhukumu kwa usaliti!

— Nihukumu! Nami nakuhukumu wewe kwa kuvaa nguo ya mtu!

— Nauliza kuhusu kambi, jamani! akalia Fundi.

— Kambi gani? wakauliza wote wawili kwa pamoja, na kwa kweli walikuwa wameshaisahau.

Hapo Mama Birika naye akatangaza kwamba hazina inahamia upande wa tatu, akasimama kutoka katikati ya ubao. Sasa huo ubao, nilishasema, umelazwa tu juu ya matofali. Aliyekuwa katikati kasimama, Kundi Halisi kakaa peke yake pembeni. Ubao ukanyanyuka upande mmoja, na Mirathi akaenda chini mzimamzima, miguu juu, kikombe kifuani, kahawa yote tumboni. Kipenga alivyozoea, akisikia mtu kaanguka hafikiri: akatupa mikono yote miwili hewani, akapuliza kipenga kisichokuwepo. Kwapa la kulia likasema prrr. La kushoto likajibu.

— Koti! akapiga yowe Fundi.

— Penalti! akasema Mirathi kutoka chini.

Loo, walicheka. Mama Birika alicheka mpaka akaketi juu ya tofali. Kipenga alicheka na miwani ikamtelezea puani. Na Fundi, mwenye kila sababu ya kulia, aliona wasiwasi wote alioamka nao unamtoka. Akacheka mpaka akaegemea cherehani, machozi yanamtiririka, akasema, basi, basi, nitashona upya, mtaniua nyinyi. Aliwapenda wote saa ile, hata Mirathi.

Ndiyo maana hakuna aliyesikia hodi.

Mama yake bwana harusi alikuwa amesimama upande wa barabara ya vumbi, mkoba kwapani, jasho usoni. Alikuwa ametoka upande wa pili wa mji, na inaelekea sehemu kubwa alitembea. Hakuwa anamtazama Fundi. Alikuwa anamtazama mtu aliyempa mgongo, mwenye mabega mapana, ndani ya koti la buluu iliyoiva, na uso wake ulikuwa umejaa furaha, mdomo umeshafunguka kuita jina. Kisha Kipenga akageuka.

Mama yule akaufunga mdomo.

— Mkwe! akasema Fundi, akijifuta macho na kipande cha kitambaa. — Karibu, mkwe wangu, karibu sana. Karibu ukae. Mirathi, inua huo ubao. Tulikuwa... tulikuwa tunalipima koti.

— Naona, mkwe. Hamjambo?

— Hatujambo. Shikamoo, mama, akasema Kipenga, ijapokuwa wanalingana umri, na akaivua miwani.

— Marahaba.

Mama Birika akamimina kahawa iliyobaki, akampa kwa mikono miwili. Yule mama akaipokea, hakuinywa. Ubao uliporudishwa akakaa katikati, mkoba magotini.

— Tulikuwa tunazungumza habari za huyo aliyeuawa, Fundi akaeleza, maana kimya hakukiweza. — Tunaangalia kama kijana atapata ruhusa yake. Huyu bwana anasema wale sasa watagombana wao kwa wao, hawatakuwa na nafasi. Mwenzake anasema kiongozi mpya atataka kujionyesha. Kila mtu ana lake, mkwe. Lakini mimi naona harusi ipo. Eti, Mirathi?

Mirathi alikuwa anajipangusa kahawa.

— Mimi nimesikiliza redio tangu alfajiri, akasema yule mama. Nikitoka stesheni hii naingia ile. Wamesema yule mtu alizaliwa wapi. Wamesema alisomea wapi. Wamesema nani atakirithi kiti chake, na huyo akishindwa, ni nani mwingine. Wote wanasema mambo hayohayo, nikachoka. Nikaona nije hapa, maana nyinyi mnakaa barabarani, mnapata habari nyingi. Nina swali moja tu, mkwe.

— Uliza, mkwe wangu. Uliza, usiogope.

Akakizungusha kikombe mkononi.

— Wale vijana wetu waliokwenda kumuua, wamerudi wote?

Kipenga akamtazama Mirathi. Mirathi akamtazama Mama Birika, na Mama Birika, ambaye tangu aanze kuuza kahawa pale hajawahi kukosa la kusema, akainamisha kichwa. Fundi akafungua mdomo. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopandisha moto masikioni. Asubuhi nzima alikuwa ameuliza habari za wale watu: watakimbia, watagombana, watamchagua nani. Alikuwa ameuliza habari za ruhusa na za Jumamosi. Kama kijana mwenyewe yu mzima, hakuwa ameuliza hata mara moja.

Kipenga alikuwa ameshaanza kulivua koti, polepole kwa sababu ya pini. Mama yule bado alikuwa anasubiri, anamtazama Fundi usoni kwa adabu, kama mtu aliyeuliza njia.

— Sijui, mkwe, Fundi akasema. Hilo hatukulizungumza.